Kopo Moja kwa Siku

Mwezi wa kwanza lilifika Kishanda pipa la buluu kutoka Uingereza, na chini ya nguo na sabuni mlikuwa na makopo sitini ya maharage. Kuwapelekea watu wa Muleba maharage ni jambo la kuchekesha. Siku hiyohiyo maharage yalikuwa yameanikwa kwenye kila uwanja kuanzia barabara ya lami mpaka nyumbani, mekundu, meupe, ya madoadoa, na kuku wanafukuzwa juu yake kutwa nzima. Agnetha angekuwa na nguvu angecheka mpaka akae chini. Lakini alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kule Kahororo, mjini Bukoba, amefika kijijini saa nne, na nguo za baba zilikuwa zinamsubiri kufuliwa. Aliyapanga makopo kwenye kabati la marehemu mama yake, kumi kumi, kisha akampigia mdogo wake simu ya kushukuru.

Mdogo wake huyo, Nancy, alikuwa ameishi Ulaya miaka kumi na sita, na kazi yake ilikuwa kuhudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Mtu wa kazi hiyo habishiwi kirahisi na mwalimu wa shule ya msingi kama Agnetha.

"Dada, hayo ndiyo wanayokula wazee wangu hapa," alisema. "Asubuhi wanawekewa juu ya mkate. Ni laini, hayataki meno. Yana protini, yana nyuzinyuzi, yana madini ya chuma, mafuta hamna. Soma ubavuni mwa kopo, wameandika kila kitu. Nina bibi hapa ana miaka tisini na sita."

Baba yao, mzee Josia Rutaihwa, alikuwa na miaka themanini na mbili na meno sita. Alikuwa na presha ya siku nyingi, mguu wa kushoto aliouburuta tangu apate kiharusi kidogo, na mwaka uliopita sukari nayo ikaanza kupanda. Daktari aliyempima alisema apunguziwe vyakula vya wanga. Nancy alilisikia neno hilo kwenye simu na akalishika kwa mikono miwili.

"Wanga ndiyo hizo ndizi. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi. Mtu wa sukari halishwi hivyo. Mwondolee kabisa, mpe kopo moja kwa siku, nusu mchana, nusu jioni. Ni chakula kamili."

Agnetha hakubisha, na tuseme ukweli, alifurahi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, darasa la watoto tisini na mbili, mume aliyekuwa Mwanza na kurudi anapokumbuka, na kila Jumamosi kwa miaka minne, tangu mama yao afariki, alikuwa njiani kwenda Kishanda na kila Jumapili njiani kurudi. Kitu chochote kilichokuja kimeshapikwa, kimeshapimwa na kimeandikwa ubavuni kina nini ndani, kwake kilikuwa msaada. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa jiko. Asubuhi uji bila sukari. Mchana nusu kopo. Jioni nusu kopo. Ndizi hapana. Hilo la mwisho alilipigia mistari miwili chini.

Aliyetakiwa kuifuata karatasi hiyo ni Kokubanza, mjane wa upande wa pili wa kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Yeye ndiye aliyempikia mzee siku zote Agnetha alipokuwa mjini. Makubaliano yao hayakuwa yameandikwa popote: Kokubanza alilima kipande cha chini cha shamba kama chake, na chungu cha mzee Josia kikawa chake pia. Alikuwa na miaka sitini na zaidi, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Aliisoma karatasi taratibu, midomo ikicheza.

"Mwalimu, na ebitoke?" aliuliza.

"Ndizi hapana, mama. Zinampandishia sukari."

"Hata kidogo?"

"Fuata karatasi."

"Mzee atakubali?"

"Atazoea," Agnetha alisema, na akaenda kuanika nguo.

Bila Kokubanza mambo yote yangeharibika, na Agnetha alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Kahororo alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, vyenye ngazi saba za mawe mlangoni. Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Mzee angeshinda humo peke yake, anatazama ukuta. Walipomgusia jambo hilo baada ya kiharusi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba wakimpeleka mjini waandae kabisa na jeneza la kumrudisha. Hakuna aliyeligusia tena.

Basi kila jioni saa kumi na mbili Agnetha alipiga simu.

"Taata, umeshindaje?"

"Nimeshinda."

"Umekula?"

"Sijala."

Siku ya kwanza alidhani kapiga mapema. Siku ya pili alipiga saa moja na nusu, na jibu likawa lilelile. Mzee hakulalamika wala hakupandisha sauti. Alisema hajala kama anavyosema mvua haijanyesha, kisha akauliza habari za shule. Wiki mbili zikapita hivyo, ikaja ya tatu. Jumamosi Agnetha alipofika alimkuta mashavu yameingia ndani lakini miguu imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole gumba, shimo lilibaki pale likimtazama. Kipimo cha presha alichonunua mwenyewe kilisoma mia na themanini na tano. Wiki iliyofuata kikasoma mia na tisini na mbili.

Na makopo yalikuwa yanapungua. Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia, na sitamtetea. Mzee hali, makopo yanaisha, na Kokubanza ana wajukuu watatu nyumbani. Angekuwa amelala vizuri hata siku mbili mfululizo pengine angeliangalia wazo hilo upande wa pili. Lakini hakuwa amelala, na wazo lilipita moja kwa moja kama limealikwa. Jumamosi ya tano alikwenda nalo njia nzima kutoka Bukoba mpaka Muleba, na alipofika Kishanda lilikuwa limeshakuwa ukweli.

Alimkuta Kokubanza nje ya jiko, anasugua sufuria kwa majivu.

"Mama, mzee anasema hali," Agnetha alisema bila hata kuketi.

"Anakula."

"Kila siku nikimpigia ananiambia hajala. Amekonda, unamwona mwenyewe. Na makopo yamebaki ishirini na tano. Naomba tu kujua yanakwenda wapi."

Kokubanza aliacha kusugua. Alisuuza mikono, akaifuta, akaifungua kanga aliyojifunga kiunoni kwa ajili ya kazi na kuikunja mara mbili, kisha mara nne. Alichukua muda wake wote.

"Mwalimu," alisema, "umeniita mwizi kwa sauti ndogo. Nimesikia."

Alitundika ufunguo wa jiko kwenye msumari wake, akainama kupita chini ya majani ya mgomba, na akaenda zake. Agnetha alibaki na sufuria yenye majivu. Alijiambia kwamba mtu asiye na hatia angejitetea. Alijiambia hivyo mara kadhaa, na kila mara alilazimika kuanza upya.

Siku hiyo alimlisha baba mwenyewe. Alifungua kopo, akapasha nusu yake, akampelekea kwenye sahani na kijiko. Mzee alikula yote. Alikula polepole, akafuta rojo lote kwa kidole, akamshukuru Mungu kwa maneno yake ya kila siku, akanawa. Agnetha aliketi mbele yake muda wote, anahesabu vijiko. Nusu saa baadaye, mzee akiwa bado kwenye kiti kilekile, alimwuliza kama ameshiba.

"Nasubiri chakula," mzee alisema.

"Taata, umekula sasa hivi."

"Nimeonja ebihimba. Chakula sijala."

Kwanza Agnetha aliogopa kwamba akili ya mzee imeanza kwenda, akaona mbele yake miaka mingine ya hofu ambayo hakuwa na nguvu nayo. Lakini mzee alikuwa anamtazama kwa macho makavu ya mtu mwenye akili zake zote, akisubiri mwanawe aelewe jambo dogo kabisa.

Na alielewa. Aliwakumbuka mama na shangazi zake walivyokuwa wakirudi kutoka harusini, wamekula pilau na nyama, na kabla ya kuvua viatu mtu anauliza kama kuna ndizi maana hawajala tangu asubuhi. Alijikumbuka yeye mwenyewe, kidato cha kwanza, shule ya bweni, akiandika barua nyumbani kwamba tangu wafike hawajala, na walikuwa wanapewa ugali na maharage mara mbili kwa siku. Mama yake aliisoma barua ile akalia, na baba yake akapanda baiskeli na mkungu nyuma. Maharage ni kitoweo. Mchele ni kitu cha wageni. Mhaya ambaye ebitoke havijapita mdomoni mwake hajala, hata ungemlisha ng'ombe mzima. Agnetha alilijua hilo tangu utotoni, kisha akaishi mjini miaka thelathini akila wali, na likamtoka kabisa. Mzee alikuwa hajamwambia uongo hata siku moja, na Kokubanza alikuwa hajaiba kitu: siku thelathini na tano, makopo thelathini na tano.

Aliona aibu iliyomkaa mwilini kama homa. Alikwenda jikoni, akaishika karatasi ya mlangoni, na mkono wake ukasita. Miguu iliyovimba ilikuwa bado imevimba. Hilo halikuelezwa na ndizi wala na barua ya kidato cha kwanza. Hakuwa tena na uhakika na kitu chochote alichokijua.

Jumatatu mama mmoja wa kanisani alikubali kushinda na mzee, na Agnetha akaenda Bukoba kuomba ruhusa kazini. Alipewa siku tatu, na kwa namna zilivyotolewa alijua hatapewa nyingine mwaka huo. Kabla ya kugeuza alipita kwa jirani yake, Rahima, ambaye ni afisa lishe. Alikuwa na kopo tupu kwenye mkoba.

Rahima alikuwa amerudi muda huohuo kutoka Kibeta, alikokwenda kuwaonyesha akina mama namna ya kupika uji wa watoto. Alikuwa ameketi barazani, ushungi umelegea, miguu ndani ya beseni la maji. Alivaa miwani akasoma ubavu wa kopo toka juu mpaka chini, kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.

"Mdogo wako hajakudanganya," alisema. "Protini ipo, karibu gramu kumi na tisa kwa kopo zima. Nyuzinyuzi zipo. Maharage ni maharage, hata yakisafiri. Mtu anayekula na vitu vingine, akila haya mara mojamoja, wala simkatazi. Sasa soma hapa chini."

"Sina miwani, jirani. Nisomee tu."

"Sukari. Kopo zima lina kama vijiko vinne vya chai, au vitano. Ndiyo hilo rojo tamu. Uji mmemnyima sukari, halafu mkaiweka kwenye maharage. Na chumvi. Kopo moja ni karibu nusu ya chumvi yote anayotakiwa kula mtu mzima kutwa. Mzee wa presha, tena kama kuna mtu anaongeza na yake juu." Alivua miwani. "Anakula nini kingine?"

"Uji asubuhi."

"Na?"

"Basi."

Rahima alitoa mguu mmoja kwenye maji, akautazama, akaurudisha.

"Mwalimu, kopo hili halifiki robo ya nguvu anazohitaji mtu kwa siku. Hata ukijumlisha na uji, mzee wako alikuwa na njaa."

"Alikuwa anasema hajala."

"Alikuwa anasema kweli. Nani aliwaambia ndizi ziondolewe?"

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema ziondolewe?"

"Alisema tupunguze."

"Haya." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyeshasema neno hilohilo Kibeta asubuhi na atalisema tena kesho kwingine. "Ndizi mbichi za kuchemsha, tatu au nne ndogo, siyo sahani imejaa mpaka juu. Maharage yenu ya shambani yawe mengi kuliko ndizi, na mchicha. Chumvi, ya kushika kwa vidole viwili tu. Hayo ya kopo kama mnayapenda, yasuuzeni rojo litoke. Na umrudishe kwa daktari apimwe, mimi siyo daktari. Lakini msimfanye mtoto wa hospitali kwenye nyumba yake mwenyewe."

Agnetha alishukuru. Njiani alitaka kumpigia Nancy na kumtupia yote, na alilipanga neno moja moja. Kisha akaona kwamba Nancy alituma makopo tu. Karatasi ya kalamu nyekundu hakuiandika Nancy.

Jumanne asubuhi alimweleza baba yake. Hakuficha. Alimwambia alichomwambia Kokubanza, na kwa nini. Mzee Josia alisikiliza ameegemeza kidevu kwenye fimbo mpaka mwisho.

"Nipe koti," mzee alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Nipe koti langu, mwanangu."

Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini na moja. Ndoa ngapi zilisuluhishwa sebuleni kwake, na mashamba mangapi yaligawanywa akiwa shahidi. Watu walikuja kwake. Yeye hakuwa mtu wa kwenda kwenye uwanja wa mwanamke jirani kueleza jambo, na tangu kiharusi hakuwa amevuka hata choo. Ni hatua mia mbili hivi kutoka mlango wake mpaka kwa Kokubanza, chini ya migomba, na njia ina mteremko. Alizitembea kwa karibu nusu saa. Alisimama mara tatu, mkono kwenye shina la mgomba, anapumua. Kila Agnetha aliponyoosha mkono kumshika, aliusukuma.

Kokubanza alikuwa uwanjani na ungo mapajani, anachambua maharage. Alipowaona aliweka ungo chini, akasogea na kupiga magoti kumsalimia mzee kama ilivyo ada, maana hasira ilikuwa kwa Agnetha na salamu ilikuwa ya mzee. Kokubanza hakumtazama Agnetha.

"Inuka," mzee Josia alisema. "Leo nimekuja mimi."

Kokubanza aliinuka, akamletea kiti. Mzee alikikataa kwanza.

"Ulinilisha kila siku," alisema. "Hukuacha hata moja. Mimi huyu binti akiniuliza nilikuwa namwambia sijala. Nilisema kama tunavyosema siku zote, sikufikiri litafika wapi. Neno langu ndilo lililokuvunjia heshima. Nimekuja uone mdomo uliolisema."

Kisha akaketi, maana mguu ulikuwa unatetemeka.

Kokubanza alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Na mimi nina langu, taata," alisema. "Yale maharage niliyaongezea chumvi. Kila siku. Nilionja kopo la kwanza nikakuta matamu kama chai. Nikasema hawa wazungu wamekosea, wamechanganya na vitu vya keki. Nikawa natia chumvi mpaka yanakuwa maharage."

Mzee alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu. Agnetha alitaka kucheka akajikuta analia. Alisogea akapiga magoti pale kwenye udongo, mwalimu wa miaka hamsini na tatu na gauni lake la kwendea kazini.

"Nisamehe, maawe," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, kwa neno la Kihaya la mama mzazi. Siku zote alikuwa mama tu, neno ambalo mjini unamwambia hata muuza nyanya.

"Yeye ulimwuliza kila siku," Kokubanza alisema. "Mimi hukuniuliza hata mara moja. Simu ninayo. Namba unayo."

"Ni kweli."

"Ningekwambia anataka ndizi. Ningekwambia miguu imeanza kuvimba Jumanne, siyo Jumamosi ulipoiona wewe."

"Ni kweli, maawe. Naomba urudi. Nimeitoa ile karatasi. Kuna dada wa mambo ya lishe amenieleza vizuri, nitakwambia, na wewe utaamua namna ya kupika. Usiporudi sina namna, nitampeleka Kahororo, na unajua mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyabeba tangu Bukoba, na alipoyatoa alibaki ameinamisha kichwa. Kokubanza alirudi kwenye ungo wake. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Nitarudi leo jioni," alisema. "Sitamwacha mzee kwa sababu yako. Lakini na mimi nina karatasi yangu. Usije tena kila Jumamosi."

Agnetha hakuelewa. "Nisije?"

"Unakuja umechoka. Unaingia jikoni kwanza, hujasalimia, unafunua vyungu, unahesabu. Ukitoka hapo unampima mzee huku na huku kama mbuzi wa mnada. Hukai. Miaka minne sijakuona umekaa. Mimi nikisikia pikipiki yako Jumamosi tumbo linaniuma, nawaza leo atakuta nini. Njoo mwisho wa mwezi. Uje na nguo ya kubadilisha, uje ulale, uamke jua limetoka. Siku nyingine zote niachie mimi, na uniamini. Ukishindwa kuniamini, mpeleke Kahororo."

Agnetha alimgeukia baba yake. Aliomba kwa macho. Miaka minne ya kuamka alfajiri, miaka minne bila Jumamosi ya kwake, na mtu anamwambia asije. Alisubiri mzee aseme kitu, amwambie Kokubanza kwamba huyu ni mtoto wake na anakuja anapotaka.

Mzee Josia alikuwa anauangalia mguu wake mbovu.

"Ukija, unanitazama ninavyomeza," alisema. "Unaniuliza mdomo ukiwa bado umejaa. Nakuona ulivyokonda kwa ajili yangu, mwanangu, na chakula kinagoma kushuka. Jumamosi ndiyo siku ambayo sili vizuri."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana hakukuwa na pa kulisukumia neno lake. Agnetha alibaki amepiga magoti, udongo umemshika magotini. Alitaka kusema kwamba amejitahidi. Lakini wote wawili walilijua hilo, na halikuwa limeulizwa.

"Sawa, taata," alisema.

Jioni hiyo Kokubanza alirudi kama alivyosema. Alichukua ufunguo kwenye msumari bila kuutaja. Aliweka maharage motoni mapema, akamenya ndizi nne, akazifunika na jani. Agnetha alimweleza ya Rahima kwa maneno machache, akakatazwa kuingia jikoni, akakaa barazani. Mzee alipoletewa sahani, Agnetha alijilazimisha kutazama barabarani mpaka kijiko kiliponyamaza. Lilikuwa jambo gumu kuliko kufua.

Alirudi Bukoba Jumatano, akafundisha Alhamisi na Ijumaa. Aliporudi nyumbani jioni hakumpigia mzee. Alimpigia Kokubanza, ambaye alimwambia kwa kifupi kwamba wako salama, miguu inapungua, na Jumatatu yeye na mzee watakwenda kwa daktari. Ilichukua dakika moja na nusu.

Jumamosi aliamka saa kumi na moja kamili bila kengele, kama mwili ulivyozoea. Aliweka miguu sakafuni. Mkoba haukuwa umepangwa, gari halikuwa linasubiriwa, na hakuna mtu popote aliyemhitaji kabla ya Jumatatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akijaribu kuhuzunika kwa kukataliwa na baba yake. Huzuni ilikuja, lakini ilikuja pamoja na kitu kingine kilichokuwa kikubwa zaidi, na alipokitambua aliona aibu: alikuwa amefurahi. Alikuwa ameitamani siku hii kwa miaka minne na hakuwahi kuthubutu kuiomba, hata kwa Mungu. Alijilaza tena akajifunika shuka mpaka kichwani, akalia kwa muda, na saa nne asubuhi alikuwa bado amelala.